Kilimo cha darini: jua la bure na taa ya kulipia

Kwa wiki kadhaa sasa simu zinazoingia kwenye kipindi chetu cha kilimo zinarudia swali moja. Wasikilizaji wanatumiwa video kwenye WhatsApp: chumba kimefungwa, taa za rangi ya zambarau zinawaka, mboga zimepangwa kwenye shelfu mpaka karibu na paa, hakuna udongo wala jembe. Mwisho wa video kuna namba ya simu na bei ya seti kamili, yaani taa, trei, pampu na mbolea ya maji. Swali ni hili: je, mtu anaweza kuotesha mboga kwenye dari la nyumba yake na kupata faida?

Hewani tulikuwa na dakika chache, na jambo lenyewe lina hesabu ambazo ni vigumu kuzishika kwa masikio tu. Ndiyo maana tumeliandika hapa, ili ulisome taratibu na umwonyeshe mwenzako kabla kikundi hakijavunja kibubu.

Kwanza tuseme kwamba wanaouliza si wajinga wala wavivu. Huku nyanda za juu, shamba ambalo babu alilima peke yake leo limegawanywa kwa watoto na wajukuu, na kijana anayeanza maisha anapewa kipande kisichozidi uwanja wa nyumba. Makete na Njombe baridi ya mwezi wa sita na wa saba huunguza mboga usiku mmoja. Kwingine mbuzi wa jirani hawana mchungaji. Mtu akiangalia juu na kuona dari limekaa tupu, ni haki yake kujiuliza kama haliwezi kumlisha.

Walioanza na mabilioni

Kabla ya kuzungumzia dari la nyumba ya kijijini, tuangalie yaliyowapata wakubwa wa kazi hii, maana video nyingi zinazozunguka zinaonyesha mashamba kama yao. Kilimo hiki kinaitwa kilimo cha wima: mboga huoteshwa ndani ya jengo, ghorofa juu ya ghorofa, kwa taa badala ya jua na kwa maji yenye virutubisho badala ya udongo. Huko Marekani na Ulaya wawekezaji walimimina fedha nyingi sana humo, hasa kati ya mwaka 2015 na 2021.

Kampuni ya Bowery Farming ya New York ilithaminiwa mwaka 2021 kuwa na thamani ya dola bilioni 2.3. Novemba 2024 ilifunga milango. AeroFarms ya New Jersey, mojawapo ya kampuni za kwanza kabisa, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Juni 2023. Plenty ya California, iliyokuwa imekusanya karibu dola bilioni moja, ilifanya vivyo hivyo Machi 2025. Infarm ya Berlin, Ujerumani, ilitangaza mwishoni mwa mwaka 2022 kupunguza zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake, kisha ikajiondoa kwenye nchi nyingi ilikokuwa inafanya kazi.

Kila kampuni ilikuwa na matatizo yake, na zipo zilizopunguza ukubwa zikaendelea. Lakini sababu mbili zinajirudia. Ya kwanza ni kwamba fedha za kukopa zilipanda bei duniani kote. Ya pili, ambayo ndiyo inayotuhusu, ni umeme. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, bei ya nishati Ulaya iliruka, na shamba linalotegemea taa likajikuta linauza mboga kwa bei isiyolipa hata taa zenyewe. Jirani yake mwenye banda la kioo alikuwa anatumia jua, na umeme wake ulikuwa wa kuongezea tu.

Angalia pia walichokuwa wanaotesha. Karibu wote ni letusi, majani ya saladi na viungo vya kunukia kama giligilani. Hawakuotesha mahindi, maharage wala viazi. Hilo si bahati mbaya, na hesabu ifuatayo inaonyesha kwa nini.

Mita moja ya mraba

Chukua eneo la mita moja kwa mita moja. Ni kama meza ya kulia chakula ya watu wanne. Ili mboga za majani zikue vizuri hapo bila jua, unahitaji taa nzuri za LED za jumla ya wati 100 hivi, ziwake saa 15 kwa siku. Hizo ni uniti moja na nusu za umeme kila siku, sawa na uniti 45 kwa mwezi. Hapo hatujahesabu pampu wala feni.

Sasa fikiria LUKU. Familia nyingi za vijijini ziko kwenye kundi la matumizi madogo, lile lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, ambalo shilingi 1,000 hupata uniti 8 na kidogo. Ukivuka unahamishiwa kundi la kawaida, na shilingi 1,000 ile ile inakupa uniti 2.8 tu, yaani uniti moja karibu shilingi 356 pamoja na kodi. Meza mbili za mboga darini zinakula uniti 90. Kwa maneno mengine, meza mbili zinatosha kukutoa kwenye umeme wa bei nafuu, na si taa za mboga peke yake zitakazolipiwa kwa bei mpya. Televisheni, pasi, friji na taa ya chumbani navyo vinapanda.

Kwa bei hiyo ya kawaida, meza moja inatumia umeme wa shilingi 16,000 kwa mwezi. Kuvuna kilo nne za mchicha kwa mwezi kwenye mita moja ya mraba ni kazi ya mtu hodari. Ukifunga mafungu ya robo kilo, ni mafungu 16. Hata ukiuza kila fungu shilingi 500, bei ambayo minada yetu mingi haiifikii msimu wa mvua, unapata shilingi 8,000. Nusu ya umeme imelipwa. Mbegu, mbolea ya maji, trei na bei ya taa zenyewe bado havijaguswa.

Je, kwa mahindi? Tufanye kwamba mahindi yanaridhika na mwanga kama wa mchicha, ingawa kwa kweli yanataka zaidi. Siku 120 mara uniti moja na nusu ni uniti 180, zaidi ya shilingi 64,000. Shamba zuri la gunia 20 kwa ekari linatoa karibu nusu kilo ya mahindi kwa kila mita ya mraba. Basi umetumia shilingi 64,000 kwa nusu kilo ya mahindi. Ukipata mavuno mara mbili ya hapo, ni kilo moja.

Tunapenda sana upande wa pili wa hesabu hii, kwa sababu watu hawaufikirii. Jua la nchi yetu, kwa wastani, hushusha kwenye kila mita ya mraba nishati inayolingana na uniti tano hivi za umeme kwa siku. Ekari moja ina zaidi ya mita za mraba 4,000. Mkulima mwenye ekari moja anapokea uniti zaidi ya 20,000 kila siku bila kununua tokeni. Mmea hautumii zote, nyingine ni joto tu, na taa za kisasa zimetengenezwa zitoe ule mwanga ambao mmea unaupenda. Hata hivyo pengo ni kubwa mno.

Wapo watakaosema: basi tutaweka sola. Paneli nyingi za sokoni hugeuza karibu sehemu moja ya tano ya jua kuwa umeme, na betri nayo inapoteza kiasi. Ukipiga hesabu, unahitaji karibu mita mbili za mraba za paneli juani ili kuwasha mita moja ya mboga darini. Yaani unachukua eneo la jua la meza mbili, unanunua paneli, betri na taa, halafu unapata eneo la meza moja. Mboga zingepandwa pale pale paneli ilipowekwa, gharama ingekuwa mbegu na maji.

Mashamba haya ya taa yana mahali pake. Dubai, karibu na uwanja wa ndege wa Al Maktoum, mwaka 2022 lilifunguliwa shamba la ndani liitwalo Bustanica, lililojengwa kutoa kilo milioni moja za mboga za majani kwa mwaka na kutumia maji pungufu kwa asilimia 95 kuliko shamba la kawaida. Huko ni jangwa, maji ya bomba mengi hutoka baharini na kuchujwa chumvi, na mteja mkubwa ni abiria wa ndege. Mtu wa Mbarali au Rungwe hashindani na mazingira hayo, na mteja wake anayajua mashamba ya jirani kwa majina.

Dari si chumba cha kawaida

Tuseme umeme si tatizo, labda una mtambo wako mdogo wa maji kwenye mto. Bado kuna dari lenyewe.

Nyumba nyingi sasa zimeezekwa bati. Mchana wa jua kali hewa iliyofungwa kati ya bati na silingi inaweza kupita nyuzi joto 40. Letusi ikizidiwa na joto inarefuka, inatoa maua mapema na majani yanakuwa machungu. Nyanya zinaweza kuendelea kuonekana nzuri, lakini joto likipita nyuzi 35 chavua inaharibika na maua yanapukutika bila kushika tunda. Zaidi ya hapo, darini hakuna upepo wa kulitikisa ua wala nyuki wa kulitembelea, hivyo hata kukiwa na ubaridi utalazimika kutikisa matawi kwa mkono kila asubuhi. Usiku, bati lile lile linapoza dari haraka kuliko chumba cha chini. Mmea unapikwa mchana na kugandishwa usiku.

Kuna wanaofikiria kubandua bati moja na kuweka lile la plastiki linalopitisha mwanga. Mwanga utapata kweli, angalau sehemu iliyo chini yake. Lakini mwanga huo unakuja na joto lake, na dari lisilo na matundu makubwa ya hewa pande zote mbili linazidi kuwa tanuri. Ukifika mahali pa kuondoa bati na kutoboa kuta ili mmea upate jua na hewa, umeanza kujenga kitalu, na kitalu ni rahisi zaidi kukijenga chini.

Halafu uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Trei ya mita moja ya mraba yenye maji ya kina cha sentimita kumi inabeba kilo 100, sawa na gunia la mahindi lililojaa, limelala hapo mchana na usiku. Udongo uliolowa ni mzito zaidi ya maji. Silingi ya jipsamu au ya mbao nyembamba imetengenezwa kujibeba yenyewe tu. Mbao za kenchi zimekatwa kubeba bati na upepo. Nyumba za zamani zenye dari la miti minene ya kuhifadhia mahindi zinaweza kuhimili, lakini muulize fundi aliyejenga, tena aje apande mwenyewe aangalie kama mchwa hawajatangulia.

Mahindi yanayolala chumba kimoja na mboga

Hapa ndipo tunapoomba usome kwa utulivu, hata kama mengine umeyapita haraka.

Mmea haunywi maji ukayaweka. Karibu yote unayoumwagilia unayatoa tena hewani kupitia majani. Shambani mvuke huo unapeperushwa. Darini hauna pa kwenda: unapanda, unagonga bati lililopoa usiku, unageuka matone, unadondokea mbao na kila kilicho chini. Misumari inashika kutu, mbao zinaota ukungu.

Na kwa familia nyingi tunazozitangazia, kilicho darini ni chakula cha mwaka. Mahindi hupandishwa juu ya jiko kwa sababu wazee waligundua kwamba moshi na ukavu wa pale vinazuia wadudu na kuoza. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13 hivi. Ukiyazungushia hewa yenye majimaji, punje zinavuta unyevu upya, na kuvu wanaotengeneza sumukuvu wanapata nafasi. Sumukuvu haionekani kwa macho na haiishi kwa kupika ugali vizuri. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufariki mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula nafaka zenye sumu hiyo. Ukiila kidogo kidogo kwa miaka, inaharibu ini.

Hivyo, bila kuzunguka: dari lenye mahindi lisipandwe mboga. Si trei mbili, si ndoo moja ya majaribio. Gunia la mahindi lililoharibika ni hasara kuliko mboga zote utakazozipata humo, na usipoligundua ni hatari zaidi.

Kinachokubali kivuli

Kanuni ya kuchagua ni moja: kitu kinachohitaji jua kidogo ndicho kinachoweza kukaa chini ya paa bila kukufilisi. Viko vichache, na kimoja kati yao tunakiona kinafaa sana kwa huku kwetu.

Hicho ni mbegu za viazi mviringo. Wakulima wengi huhifadhi mbegu gizani, kwenye shimo au gunia kwenye kona. Viazi vya gizani hutoa machipukizi marefu, meupe, yanayokatika wakati wa kupanda. Viazi vile vile vikitandazwa kwenye chaga, tabaka mbili au tatu tu, mahali penye mwanga hafifu usio wa jua moja kwa moja na hewa inayopita, hutoa machipukizi mafupi, manene, yenye rangi ya kijani au zambarau. Hayo hayavunjiki ovyo, na yakiingia udongoni huota haraka na kwa pamoja. Njia hii imefundishwa kwa miongo mingi na kituo cha kimataifa cha utafiti wa viazi chenye makao yake Peru. Haihitaji taa wala pampu. Inahitaji mbao au mianzi, wavu mdogo wa kuzuia vidukari na nondo wa viazi, na dirisha. Dari la nyasi kwenye sehemu ya baridi linaweza kufaa likiwa na matundu pande mbili, lisiwe lile la mahindi. La bati lina joto mno, afadhali kibanda cha pembeni. Kumbuka tu kwamba viazi vilivyogeuka kijani vina sumu, watoto wasichukue kwenda kuchemsha.

Uyoga, hasa ule wa mamama, nao hauhitaji jua kutengeneza chakula chake, unakula mabua na pumba zilizochemshwa. Lakini unataka ubaridi wa wastani na hewa yenye unyevu mwingi, vitu viwili ambavyo dari la bati halina. Pia unatoa vumbi jepesi la mbegu zake ambalo likivutwa kila siku linaumiza mapafu, hivyo usiwe juu ya chumba cha kulala. Kibanda cha udongo chenye paa la nyasi kinaushinda mbali. Na tafuta mteja kwanza, maana uyoga mbichi hauwezi kusubiri mnada wa wiki ijayo.

Kuna hili la chakula cha mifugo kinachooteshwa kwenye trei kwa siku saba, linalotangazwa kwamba kilo moja ya mahindi au shayiri inakuwa kilo saba za majani. Ni kweli ukipima kwenye mizani. Ila kilo sita kati ya hizo ni maji. Ukikausha mkeka ule unabaki na uzito usiofika hata ule wa nafaka uliyoanza nayo, kwa sababu mche umekula sehemu ya akiba ya punje ili ukue. Ng'ombe anapenda ulaini wake, na wakati wa kiangazi unaweza kusaidia kidogo, lakini hakuna chakula kilichozaliwa hapo. Trei ikiota ukungu mweusi, mwage, usimpe ng'ombe wa maziwa.

Kwa mboga za kula nyumbani kwa asiye na eneo, gunia lililojazwa udongo na samadi, lenye matundu ubavuni, likiwekwa upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi, linalisha familia mchicha na sukuma wiki. Si jambo la kuweka kwenye video, labda ndiyo maana haliuzwi.

Ikiwa kikundi chenu tayari kimeshaongea na muuzaji wa seti, yapo ya kumuuliza kabla ya kutoa fedha. Taa zote pamoja ni wati ngapi, na ziwake saa ngapi? Mbolea ya maji inapatikana wapi ikiisha, au kwake tu? Nani aliyenunua mwaka jana katika wilaya yetu, tukamtembelee? Akikwambia taa zake hazili umeme, mwombe azichomeke nyumbani kwako siku moja kabla hujalipa. Soma uniti za LUKU asubuhi, soma tena asubuhi inayofuata, zidisha mara 30.